Ndugu zangu wanataka niamue nani mkweli kuhusu Yesu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya wanne. Marehemu baba alikuwa Mwislamu, mama ni Mkristo, na tangu mwanzo walikubaliana kwamba hakuna atakayemvuta mwenzake. Kaka yetu mkubwa akashika dini ya baba, mimi na dada tukaenda na mama, na mdogo wetu wa mwisho, tangu aingie chuo kikuu, anasema hana dini. Kwa miaka mingi jambo hilo halikutusumbua. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyetusomesha sote, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu kwamba ada yake inategemea anasali wapi.

Mambo yalianza kuharibika kaka alipoanza kufuatilia mihadhara ya kulinganisha dini. Siku hizi akija kwa mama anakuja na daftari lake, aya zimeandikwa kwa wino mwekundu, za Biblia kurasa za kushoto, za Qurani kurasa za kulia. Hoja zake ni kwamba Isa hakusulubiwa, Qurani imeshasema. Kwamba Wakristo walimpigia kura awe Mungu kwenye Baraza la Nikea mwaka 325. Na kwamba Injili ya kweli ni ya Barnaba, ambayo kanisa liliificha. Dada naye hanyamazi. Biblia yake imejaa vikaratasi vya rangi, na anasema hata historia imethibitisha kwamba Yesu alikufa akafufuka, maana Josephus, tena Myahudi, aliandika hivyo, na sanda yake ipo Turin mpaka leo. Mdogo wetu anawacheka wote wawili. Yeye anasema Yesu hakuwahi kuwepo, ni hadithi iliyonakiliwa kutoka kwa miungu ya kale iliyozaliwa tarehe 25 Desemba, na kwamba wasomi wote wanalijua hilo.

Cha ajabu, Shangazi, wote watatu wanamnukuu mtu mmoja, profesa wa Marekani anayeitwa Bart Ehrman. Kaka anamtumia kuonyesha kwamba Biblia imeguswa na mikono ya watu. Mdogo wetu anampenda kwa sababu aliacha Ukristo. Na dada majuzi alikuja na maneno yake kwamba Yesu alikuwepo kweli.

Mara ya mwisho tulipokutana, kaka alimwambia dada, "Wewe unamwabudu mtu aliyekuwa anakula na kwenda haja." Dada akasimama, akamjibu maneno juu ya Mtume ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikuwa amekaa palepale. Hakusema kitu. Aliinuka, akaingia chumbani, na hakutoka mpaka kaka alipoondoka. Tangu siku hiyo kaka na dada hawasalimiani.

Sasa wamekubaliana jambo moja tu: kumaliza ubishi. Kaka amlete mhadhiri anayemwamini, dada amlete mchungaji wake, mdahalo ufanyike nyumbani kwa mama mbele ya familia nzima, na mimi niwe mwamuzi niseme nani ameshinda. Wamenichagua kwa sababu huwa sibishani.

Kuna jambo hawalijui. Sibishani kwa sababu nimeanza kuyumba. Katika kutafuta la kuwaambia, nimesoma kwamba Injili ya kwanza iliandikwa karibu miaka 40 baada ya Yesu, na kwamba Injili zenyewe zinatofautiana. Kanisani sikuwahi kuambiwa. Nakwenda ibadani na maswali yangu, na naogopa kumuuliza mtu.

Je, nikubali kuwa mwamuzi? Na kwa historia peke yake, nani mkweli kati yao?

Ni mimi,
Wa Katikati

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usikubali. Na mdahalo huo usifanyike nyumbani kwa mama yenu. Mdahalo wa hadhara una watu wake na mahali pake. Anayekwenda anajua anakwenda kusikiliza mabishano, na akichoka anaondoka. Mama yako ataondoka aende wapi? Ameshajifungia chumbani mara moja. Tena mhadhiri na mchungaji wakishamaliza watarudi makwao, na ninyi mtabaki na mshindi na mshindwa waliotoka tumbo moja, na hukumu itakuwa imetoka kinywani mwako.

Lakini umeniuliza pia nani mkweli, na swali hilo sitaki kulikwepa. Watu wengi wakiliogopa hukimbilia kusema, "Sote tunamwabudu Mungu mmoja, yaishe." Maneno hayo hayamheshimu kaka yako wala dada yako. Kwa kaka yako, kumwita Isa Mwana wa Mungu ni shirki, dhambi kubwa kuliko zote. Kwa dada yako, kumwondoa Yesu msalabani ni kuondoa wokovu wenyewe. Hawa wawili wanatofautiana kweli, na kila mmoja anastahili kuchukuliwa kwa uzito wake.

Tuanze na mdogo wenu, maana lake ndilo jepesi kulijibu. Si kweli kwamba wasomi wote wanasema Yesu hakuwepo. Wapo waliosema hivyo: Bruno Bauer huko Ujerumani katika karne ya 19, Arthur Drews mwaka 1909, na siku hizi Richard Carrier, aliyetoa kitabu kikubwa juu ya hilo mwaka 2014. Ila ni wachache sana. Wanahistoria walio wengi wa zama zile, wawe Wakristo, Wayahudi au wasio na dini, wanakubali kwamba aliishi mtu huyo, Myahudi wa Galilaya, aliyezaliwa kabla Herode Mkuu hajafa mwaka 4 KK.

Na hawakubali kwa kuhurumia kanisa. Chukua barua ya Paulo kwa Wagalatia, iliyoandikwa miaka ya 50. Paulo anasimulia kwamba alikwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa, yaani Petro, siku kumi na tano, na akaonana na Yakobo, ndugu yake Bwana. Anayataja haya katika barua ya ugomvi, akijitetea mbele ya watu wanaomshuku, tena anaapa kwamba hasemi uongo. Mtu wa kubuniwa hawi na ndugu ambaye mpinzani wako anaweza kwenda kumuuliza. Yakobo huyohuyo anatajwa na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, katika kitabu alichokimaliza karibu mwaka 93. Anasema kuhani mkuu alimfanyia hukumu Yakobo, "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo", akapigwa mawe. Na maadui wa mwanzo wa Ukristo hawakusema kwamba mtu huyo hakuwepo. Celsus, Mgiriki aliyeandika kuushambulia Ukristo karne ya 2, alisema Yesu alikuwa mchawi na mtoto wa askari. Alimtukana kila namna, lakini hakukana kwamba aliishi.

Hilo la tarehe 25 Desemba mwambie aliache. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu popote. Tarehe hiyo iliwekwa na kanisa karne kadhaa baadaye. Hata angepatikana mungu wa kale aliyezaliwa siku hiyo, bado isingesema lolote kuhusu mtu wa Nazareti.

Sasa msalaba, ambako kaka na dada wameumizana. Kwa ushahidi ambao mwanahistoria anaufanyia kazi, kusulubiwa kwa Yesu kwa amri ya Pontio Pilato ni miongoni mwa mambo yenye uhakika mkubwa katika maisha yake. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo waziwazi, anaeleza jinsi Kaisari Nero alivyowasingizia moto ulioteketeza Roma mwaka 64. Hapo anataja kwamba Kristo, ambaye jina lao linatokana naye, aliuawa enzi za Tiberio kwa hukumu ya Pontio Pilato. Pilato mwenyewe alikuwa liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na mwaka 1961 lilipatikana jiwe huko Kaisaria lenye jina na cheo chake. Zaidi ya yote, Wakristo wa kwanza wasingejitungia Masihi wa kusulubiwa. Ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi, aibu tupu. Paulo mwenyewe anakiri kwamba kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa wengine ni upuzi.

Je, kaka yako basi ameshindwa? Taratibu hapo. An-Nisaa aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Isome polepole. Aya inakubali kwamba kuna watu walioona jambo na kuliamini. Inachosema ni kwamba Mungu alitenda kisichoonekana kwa macho yao. Wafasiri wa Kiislamu wenyewe wamelifikiria jambo hili kwa karne nyingi. Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya simulizi mbalimbali za namna kufananishwa huko kulivyokuwa, na Razi, karne tatu hivi baadaye, aliorodhesha maswali magumu yanayoletwa na wazo la mtu mwingine kupewa sura ya Isa kabla ya kuyajibu. Tacitus anaweza kutueleza watu walisema nini kimetokea. Kwamba Mungu alimnusuru mja wake na kumpandisha kwake, hilo Tacitus hana namna ya kulifikia, wala kulikanusha wala kulithibitisha. Kaka yako analiamini kwa sababu anaamini Qurani ni neno la Mungu. Hiyo ni sababu kamili ya Mwislamu, na aiseme hivyo bila haya. Asichoweza kufanya ni kudai kwamba wanahistoria wako upande wake.

Na dada yako asishangilie mapema, maana kuta hizohizo zinamzuia na yeye. Historia inaweza kusema Yesu alikufa. Inaweza kusema pia kwamba baada ya muda mfupi wafuasi wake walikuwa na hakika wamemwona yu hai. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anawataja Kefa, wale Thenashara, Yakobo, na kundi la zaidi ya mia tano. Kwamba Mungu ndiye aliyemfufua, chombo cha mwanahistoria hakifiki huko. Dada anaamini ufufuko kwa ushuhuda wa mitume na kwa imani yake. Nayo ni sababu kamili ya Mkristo.

Hapa ndipo huyo profesa wenu anapohusika, na ndipo naona kiini cha ugomvi wenu kilipo. Ehrman si mwamini. Ameandika mengi kuhusu jinsi wanakili walivyobadilisha maneno hapa na pale katika Agano Jipya, na hapo kaka yako anamshangilia. Lakini Ehrman huyohuyo anasema kusulubiwa kwa Yesu hakuna shaka, na hapo kaka yako anafunga daftari. Mwaka 2012 alitoa kitabu kizima kuwapinga wanaodai Yesu hakuwepo, na hapo mdogo wenu hamsomi tena. Dada anachukua kitabu hicho kwa furaha, ila ukurasa ambao Ehrman anasema historia haiwezi kuthibitisha ufufuko haujawekewa kikaratasi. Shahidi ni mmoja, na kila mmoja wenu anamwita mahakamani, anamruhusu aseme sentensi moja, kisha anamfukuza. Mwanangu, ukimwita mwanahistoria akushuhudie, msikilize mpaka amalize, hata anapogeuka kukuuma. La sivyo usimwite. Hakuna anayekulazimisha, Waislamu na Wakristo waliishi na imani zao karne nyingi bila profesa yeyote.

Ningependa kila mmoja wao aweke kando vitu vinavyomdhoofisha. Kaka aiache Injili ya Barnaba. Nakala kamili ya zamani iliyopo ni ya Kiitaliano, imehifadhiwa Vienna, na wataalamu wanaiweka karibu mwishoni mwa karne ya 16. Inasimulia Yesu akisafiri kwa chombo cha majini mpaka Nazareti, mji usio na ziwa wala bahari. Inataja yubilei ya kila miaka mia, wakati Torati inasema hamsini. Ya miaka mia ilitangazwa na Papa Bonifasi wa 8 mwaka 1300. Na lililo zito kwa Mwislamu ni kwamba humo Yesu anakana kuwa Masihi, ilhali Qurani inamwita Masihi waziwazi. Kaka yako anashika kitabu kinachopingana na Kitabu chake mwenyewe! Sidhani kama kuna aliyemwambia.

La Nikea nalo limesimuliwa vibaya. Maaskofu walikutana kweli mwaka 325, chini ya Kaisari Konstantino, na ugomvi ulikuwa mkali. Ila waliomfuata Arius, kasisi aliyesema Mwana ana mwanzo, na waliompinga wote walikuwa tayari wanamwabudu Kristo. Walichogombania ni kama Mwana ana mwanzo au yu wa milele pamoja na Baba. Zaidi ya miaka 200 kabla ya hapo, karibu mwaka 112, Pliny, liwali wa Kirumi, alimwandikia Kaisari Trajani kwamba Wakristo hukutana alfajiri wakimwimbia Kristo kama mungu. Wala Nikea haikuchagua vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya la leo iko katika barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367. Kaka ana haki kamili ya kusema ibada hiyo ni makosa. Aiseme kama hoja ya tauhidi, yaani umoja wa Mungu, yenye Surat Al-Ikhlas nyuma yake, wala hahitaji hadithi ya kura.

Dada naye aache sanda ya Turin. Mwaka 1988 maabara tatu zilipima kitambaa chake kwa kaboni, na majibu yakawa kati ya mwaka 1260 na 1390. Wapo wanaoyapinga majibu hayo, lakini huwezi kusimamisha ushahidi wako juu ya kitu cha namna hiyo. Na kile kifungu cha Josephus anachokipenda, kinachosema "huyu alikuwa Kristo" na kwamba alifufuka siku ya tatu, wasomi walio wengi, Wakristo wakiwemo, wanaona kimeongezwa maneno na wanakili Wakristo. Josephus alikufa akiwa Myahudi. Angeamini hayo angekuwa mfuasi. Akichukue kile kifupi cha Yakobo, ambacho wengi hawana shaka nacho.

Kwa kupita tu, nikukumbushe kundi ambalo nyumbani kwenu hakuna anayelisemea, nalo ndilo kabila lake Yesu. Wayahudi hawamkubali kuwa Masihi, kwa hoja kwamba Masihi akija kutakuwa na amani na ufalme utarudi, na hayo hayajatokea. Hata hivyo wasomi kama Joseph Klausner mwaka 1922 na Geza Vermes mwaka 1973 waliandika kumrudisha Yesu kwenye Uyahudi wake: mtu wa sinagogi, mwenye kuijadili Torati na Wayahudi wenzake. Wakristo na Waislamu wote wawili wangefaidika kulikumbuka hilo kabla ya kumvuta kila mtu kwake.

Sasa wewe mwenyewe. Hukuandika sana juu ya jambo hili, lakini nimeliona ndilo zito kuliko yote.

Ni kweli wasomi wengi wanaiweka Injili ya Marko karibu mwaka 70, Mathayo na Luka miaka ya 80 hadi 90, na Yohana baadaye kidogo. Haya si siri iliyofichwa. Yanafundishwa katika vyuo vingi vya wachungaji na mapadri, ingawa mimbarani hayafiki mara nyingi, na kwa hilo nawalaumu. Lakini miaka 40 hiyo haikuwa kimya. Barua za Paulo zinaanza karibu mwaka 50, na katika 1 Wakorintho 15 anasema anawapa yale aliyoyapokea yeye, maana yake yalikuwepo kabla hajaandika. Luka anaanza Injili yake kwa kusema wazi kwamba wengi wameshatunga habari hizi, kwamba zilitoka kwa walioona kwa macho, na kwamba yeye amejitafutia usahihi wake. Hajifichi. Anakueleza kazi aliyoifanya.

Na ndiyo, zinatofautiana. Yohana anaweka kufukuzwa kwa wafanyabiashara hekaluni mwanzoni mwa kazi ya Yesu, wenzake watatu wanaweka mwishoni. Katika Marko, Yesu anakufa baada ya kulia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Katika Luka anasema, "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Ukae na hizo sauti mbili. Kanisa la kale lilikuwa na Injili zote nne mbele yake na liliziona tofauti hizo vizuri kabisa. Karne ya 2 mwandishi Mkristo aitwaye Tatiano alijaribu kuzisuka zote ziwe simulizi moja, na kazi yake ikasomwa sana katika makanisa ya Shamu, lakini mwishowe nne zikabaki nne. Imani inayotegemea kwamba tofauti hizo hazipo ndiyo itakayovunjika. Imani nyingine zinazibeba.

Kwa hiyo usinyamaze na maswali yako. Mtafute mchungaji au padri aliyesoma, si lazima awe wa kanisani kwenu, umuulize moja kwa moja: "Injili ziliandikwa lini na kwa nini zinatofautiana?" Akikukaripia, huyo hajui, nenda kwa mwingine. Na usiwaamulie ndugu zako jambo ambalo moyoni mwako bado unalitafuta. Hiyo ni sababu nyingine ya kukataa uamuzi, na unaweza kuwaambia kwa uwazi: mimi ni Mkristo, nina maswali yangu, siwezi kujifanya sina upande.

Nenda kwanza kwa kaka, peke yako, uso kwa uso. Yeye ni mkubwa wenu na ndiye aliyewasomesha, asisikie kwa mtu mwingine kwamba umekataa. Mwambie: "Kaka, nakuheshimu na sikukatazi kuitetea dini yako. Ila mama alitoka sebuleni, na lile neno ulilomwambia dada lilimpata na yeye, maana anamwamini Yesu yuleyule." Kisha msomee aya ya 46 ya Al-Ankabut, inayowakataza Waislamu kujadiliana na Watu wa Kitabu isipokuwa kwa njia iliyo nzuri. Anaijua, huenda hata imo katika daftari lake. Dada naye msomee 1 Petro 3:15. Wakristo wanaipenda kwa maneno ya kuwa tayari kujibu, wakaacha mwisho wake, "kwa upole na kwa hofu". Hakuna upole katika alichokisema juu ya Mtume, na deni la kuomba radhi analo sawa na kaka. Mdogo wenu mwambie kwamba kutoamini ni haki yake, na hakuna wa kumlazimisha. Kuwacheka mama na ndugu zake katika imani yao si hoja ya kihistoria, na chuo chochote kizuri kingemfundisha hivyo.

Kama baada ya hapo bado wanataka kuzungumza, wazungumze, ila bila wageni na bila mshindi. Wachukue Luka sura ya kwanza na Surat Maryam. Dada asome Surat Maryam kwa sauti, kaka asome Luka, kila mmoja kitabu cha mwenzake, mpaka mwisho bila kukatizana. Mtamwona malaika akimjia Maryamu katika vyote viwili, na bikira akiuliza itakuwaje apate mtoto na hakuguswa na mwanamume. Hapo kaka na dada wanasimama pamoja, na hakuna mwanahistoria awezaye kuwathibitishia hilo wala kuwanyang'anya. Halafu mtafika aya ambayo mtoto anasema kutoka mlezini kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu, na katika Luka mtafika maneno kwamba ataitwa Mwana wa Aliye Juu, na hapo watatengana. Waache watengane. Wasikimbilie kuziba. Kaka amweleze dada kwa nini hawezi kukubali, dada amweleze kaka kwa nini hawezi kuacha, na mama awepo akitaka mwenyewe.

Ukishaonana na kaka, niandikie uniambie alivyopokea.

Shangazi yako